Uchaguzi mkuu wa Shelisheli: maswali yanayorudi kila jioni barazani kwetu Ngamiani, Tanga

Tangu Oktoba 2025 hatujakaa na kahawa yetu jioni hata moja bila mtu kuniuliza habari za Shelisheli. Chanzo ni mimi mwenyewe. Nilifuatilia uchaguzi wao kwenye simu siku tatu mfululizo, nikawa natangaza matokeo kama redio, na sasa nimekuwa balozi asiye na mshahara. Nimeona heri niyaandike majibu hapa, anayetaka asome, nami ninywe kahawa yangu ingali moto.

Kwanza kabisa: Shelisheli ni nchi au ni tunda?

Ni vyote viwili, na swali si la kijinga. Mtu wa Tanga ukimtajia shelisheli anaona lile tunda la kijani, kubwa kama kichwa cha mtoto, la kupika kwa nazi au kukaanga vipande. Tunda hilo tunaliita kwa jina la visiwa. Wenyewe hawaliiti hivyo: kwa Krioli, lugha yao iliyotokana na Kifaransa, ni friyapen, na husema kwamba mgeni akilila kule lazima atarudi. Mimi nimelila Ngamiani tangu utotoni na sijafika hata mara moja.

Iko wapi, na ina ukubwa gani?

Simama Raskazone, ufukweni kwetu Tanga, tazama baharini, nenda mashariki karibu mstari mnyoofu, kama kilomita 1,800. Kisiwa kikuu, Mahé, kiko karibu usawa mmoja na sisi kuihesabu Ikweta, ila saa yao iko mbele ya yetu kwa saa 1. Visiwa vyote ni 115, na ukivikusanya vyote nchi kavu haifiki kilomita za mraba 500. Pemba peke yake ni mara mbili yake.

Watu wao ni laki moja na ushei. Jiji letu la Tanga kwenye sensa ya 2022 lilikuwa na watu karibu laki 4, kwa hiyo nchi nzima ile, na rais wake, bunge lake, jeshi lake na kiti chake Umoja wa Mataifa, haifiki theluthi ya jiji letu. Liweke hilo kichwani, maana mengi ya mbele huko yanatoka hapo.

Wanachagua nani na nani?

Rais na wabunge. Mwaka 2020 na 2025 walivichagua vyote kwa mara moja, ndiyo maana tunauita uchaguzi mkuu. Muhula ni miaka 5, na tangu katiba ilipobadilishwa 2016 rais haruhusiwi kupita mihula 2. Zamani ilikuwa 3.

Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali. Asipopata mtu, wawili wa juu wanarudi uwanjani duru ya pili. Bungeni kuna majimbo 26, kila jimbo mbunge 1, halafu kuna viti vya nyongeza: chama kikipata asilimia 10 ya kura zote nchini kinaongezewa kiti 1, kikipata 20 viti 2, na kuendelea. Mzee mmoja hapa aliuliza kama hivyo ndivyo viti maalumu. Hapana, hivi havimtazami mwanamke wala mwanamume, vinatazama hesabu tu.

Sasa piga hesabu nyingine. Waliojiandikisha 2025 walikuwa kama 77,000. Gawa kwa majimbo 26, unapata wapiga kura 3,000 hivi kwa mbunge. Mgombea mwenye miguu mizima anaweza kubisha hodi kila nyumba, akakaribishwa chai, akaulizwa hali ya mama yake. Na kila nyumba itajua kama kwa jirani alikaa muda mrefu zaidi.

Kwa nini wanapiga kura siku tatu? Si watu wachache hao?

Wachache, lakini wametawanyika. Karibu wote wako Mahé, Praslin na La Digue, ila kuna visiwa vya mbali vyenye wafanyakazi wa mashamba, wa hoteli na wa hifadhi, vingine mamia ya kilomita kutoka mji mkuu, Victoria. Wasimamizi wanaanza huko na masanduku, kwa ndege ndogo na boti. Siku ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni Jumamosi, ndiyo ya visiwa vikubwa, na ndiyo utaona foleni.

Hadithi ya kura 193 ni ya kweli?

Ni ya kweli, na ndiyo iliyonifanya nianze kuwafuatilia watu hawa.

Desemba 2015, Rais James Michel alikuwa anatafuta muhula wa tatu. Duru ya kwanza alipata karibu asilimia 48, na mpinzani wake, kasisi wa Kianglikana aitwaye Wavel Ramkalawan, asilimia 35. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini wapinzani wengine wakajipanga nyuma ya kasisi, na duru ya pili ilipohesabiwa ikasomeka hivi: Michel 31,512, Ramkalawan 31,319. Tofauti ni kura 193.

Tulipokuwa tunaligeuza hilo barazani, fundi cherehani mmoja akachukua chaki akaandika ukutani. Akasema si watu 193 waliotakiwa kubadili mawazo, ni 97 tu, kwa sababu kila anayehama anapunguza huku na kuongeza kule. Tukamhakiki, yuko sawa. Watu 97 ni abiria wa kosta tatu, wachache wakiwa wamesimama. Abiria hao ndio waliotenganisha rais na aliyeshindwa.

Ramkalawan akaenda Mahakama ya Katiba, akashindwa huko pia. Septemba 2016 ukaja uchaguzi wa bunge, na muungano wa upinzani, Linyon Demokratik Seselwa, ukachukua viti 19 kati ya 33. Kabla mwezi haujaisha Michel akatangaza anajiuzulu, na Oktoba makamu wake, Danny Faure, akaapishwa. Ikawa miaka 4 ya ikulu chama hiki, bunge chama kile. Nchi haikuanguka.

Huyo kasisi alishinda lini sasa?

Oktoba 2020, kwa asilimia 54.9, Faure akibaki na 43.5. Ilikuwa mara yake ya sita kugombea: 1998, 2001, 2006, 2011, 2015 na 2020. Kuna watu hapa mtaani wamegombea uenyekiti wa serikali ya mtaa mara moja, wakashindwa, mpaka leo hawasalimiani na walioshinda.

Hiyo 2020 ndiyo ilikuwa mara ya kwanza upinzani kuchukua urais kwa kura tangu uhuru wa 1976. Chama kilichoondoka kilikuwa madarakani tangu 1977, kikibadili majina kama mtu anayebadili kofia: SPUP, SPPF, Parti Lepep, United Seychelles. Bungeni upande wa Ramkalawan ulipata viti 25 dhidi ya 10. Faure alikubali matokeo hadharani na kumpongeza mwenzake, wakiwa wamekaa ukumbi mmoja.

Mwaka huo korona ilikuwa imefunga viwanja vya ndege, na nchi inayokula kwa watalii ilikuwa imebaki na samaki jodari na madeni. Kusema kwamba watu waliamka tu wakapenda mabadiliko ni kuruka nusu ya hadithi.

Na 2025 ikawaje tena?

Ikawa kinyume chake. Upigaji kura uliisha 27 Septemba. Wagombea urais walikuwa 8. Patrick Herminie wa United Seychelles alipata asilimia 48.8, Rais Ramkalawan 46.4, hakuna aliyevuka nusu. Wiki mbili baadaye, duru ya pili ya kuanzia 9 hadi 11 Oktoba, Herminie akapata 52.7 na Ramkalawan 47.3. Tarehe 26 Oktoba akaapishwa.

Herminie ni daktari wa tiba, na alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 2007 hadi 2016. Si mgeni wa siasa hata kidogo. Kwa hiyo wale waliokuja barazani wakisema Shelisheli wamechagua "sura mpya", wapunguze. Wamekirudisha chama kile kile walichokitoa miaka 5 iliyopita, kikiwa na nahodha mwingine.

Lakini tazama mfululizo wenyewe: rais aliyekuwa madarakani ameshindwa 2020, na aliyemfuata ameshindwa 2025. Mara mbili mfululizo mwenye ikulu amefungasha mizigo. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari, kuliko jina la aliyeingia.

Walikuwa wanagombania nini hasa?

Kwanza, unga. Hapa Tanga hatuhitaji kuelezwa. Kila mtaa una mateja wake na kila ukoo una kijana wa kumsikitikia. Kule tatizo la heroini ni zito kwa kiwango cha kutisha, maana maelfu ya watumiaji katika nchi ya watu laki moja na kitu maana yake hakuna familia iliyosalimika. Kila mgombea ana mpango wake wa dawa za kulevya, na kila mpiga kura ana mtu wa kumpima nao.

Pili, kisiwa cha Assumption. Serikali ya Ramkalawan ilikodisha sehemu yake kwa kampuni ya Qatar kwa miaka 70, ijengwe hoteli ya kifahari. Wanamazingira wakapiga kelele kwa sababu jirani yake ni Aldabra, iliyo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 1982, makao ya kobe wakubwa kwa maelfu. (Kobe wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, wale mnaopiga nao picha, wanatokana na zawadi ya gavana wa Shelisheli ya 1919.) Kilichowaudhi wengine ni kumbukumbu. Mwaka 2018, India ilipotaka kujenga kituo cha kijeshi hapo hapo Assumption, Ramkalawan akiwa upinzani alikuwa miongoni mwa waliokataa. Watu wa visiwani wana muda wa kukumbuka.

Tatu, bei za vitu. Nchi ile kwa wastani wa kipato iko juu kabisa Afrika, ila mchele, mafuta na karibu kila kitu kinakuja kwa meli. Wastani hauendi sokoni. Anayeenda ni mtu.

Nasikia kulikuwa na habari za uchawi, na Mtanzania ndani yake?

Nilijua utauliza. Ndiyo. Mwaka 2023 polisi wa kule walimkamata raia wa Tanzania uwanja wa ndege akiwa na vitu walivyosema ni vya uganga, na uchunguzi huo ukamfikia Herminie, wakati huo kiongozi wa upinzani. Akafunguliwa mashtaka yanayohusu uchawi. Yeye alikana na kusema ni siasa. Mashtaka yakaondolewa kabla ya uchaguzi, na mshtakiwa yule ndiye rais wa leo.

Habari hiyo ilipotufikia, watani wetu wa bara wote walitugeukia sisi wa Tanga, kana kwamba begi lile lilifungwa Barabara ya 12. Nasema tena: hakuna aliyetaja Tanga. Na kabla hatujawacheka wenzetu kwa kuwa na sheria ya uchawi, tukumbuke na sisi tunayo, ya tangu 1928, aliyotuachia Mwingereza.

Tanzania ina uhusiano gani na siasa zao?

Mkubwa kuliko vijana wanavyojua. Shelisheli ilipata uhuru 29 Juni 1976, rais wa kwanza akiwa James Mancham, na France-Albert René waziri mkuu wake. Hata mwaka haujatimia, 5 Juni 1977, Mancham akiwa London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, wafuasi wa René walimpindua. Baadhi yao walikuwa wamepata mafunzo Tanzania. René akawa rais, na katiba ya 1979 ikaleta chama kimoja.

Halafu Novemba 1981 wakaja mamluki wa Mike Hoare kutoka Afrika Kusini, wakijifanya kikundi cha wanywa bia waliokuja kutembea, bunduki zimefichwa kwenye mabegi chini ya vitu vya kuchezea watoto. Mtu wa forodha akaiona moja. Mapigano yakaanza pale pale uwanja wa ndege, na wengi wao wakakimbia kwa ndege ya Air India waliyoiteka. Wanajeshi wa Tanzania walikuwepo visiwani wakati huo. Kuna wazee hapa mjini ambao ukiwauliza Shelisheli hawakuambii habari za tunda wala ufukwe.

Vyama vingi vilirudi mwishoni mwa 1991, katiba mpya ikapitishwa kwa kura ya maoni Juni 1993, na Mancham mwenyewe akatoka uhamishoni kugombea. Alishindwa na René. Kwa hiyo sisi tuliwahi kuwa upande wa bunduki katika hadithi hii, na sidhani ni vibaya kulitamka. Kura walizitafuta wenyewe baadaye.

Ni undugu huo tu wa kijeshi?

Hapana, kuna wa damu, nao ni wa zamani zaidi. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zinakamata majahazi ya watumwa kwenye pwani hii ziliwashusha Shelisheli zaidi ya watu 2,000 kuanzia 1861. Walikuwa watu wa bara, wa njia zile zile za misafara zilizokuwa zikiishia pwani, Bagamoyo ikiwemo. Hawakurudishwa makwao. Wakawa vibarua wa mashamba ya minazi, wakazaa, na wajukuu wa wajukuu zao wamo kwenye daftari la wapiga kura. Ngoma yao ya moutya, ambayo UNESCO iliiorodhesha 2021, inapigwa kwa ngoma za ngozi zinazowambwa motoni kwanza. Mzee yeyote wa hapa akiziona atajua cha kufanya.

Waingereza pia walipenda kuvitumia visiwa kama gereza la wafalme. Sayyid Khalid bin Barghash, yule wa vita vya dakika 38 vya Zanzibar mwaka 1896, alipokamatwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa huko. Alikuja kufia Mombasa, 1927.

Kijana wetu anafanya kazi hotelini Praslin. Anaweza kupiga kura?

Hawezi. Ni raia wao tu, kuanzia miaka 18, waliojiandikisha. Mama yake aache kumwambia achague vizuri.

Katika nchi ndogo hivyo, kura inakuwa siri kweli?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na aliyeliuliza ni mama muuza visheti, si sisi wenye magazeti.

Chumbani ni siri. Unapewa karatasi, unakwenda peke yako, unatia alama, unakunja. Shida iko nje ya chumba. Msimamizi wa kituo alisoma na wewe, wakala wa chama ni mume wa shangazi yako, anayehesabu ni mwalimu wa mwanao. Kituo chenye wapiga kura wachache kikitoa matokeo yake peke yake, watu wanaanza kuhesabu kwa vidole: familia ile kura 6, ile kura 4, sasa hii moja iliyozidi imetoka kwa nani?

Udogo huo huo una upande wa pili. Ni vigumu kuingiza wapiga kura hewa pale ambapo kila mtu anajulikana, hata marehemu wanajulikana wamelala wapi. Na serikali ni mwajiri mkubwa, kwa hiyo hofu ya mtu haianzi kwa askari, inaanza kwa bosi wake. Kwa miaka mingi wapinzani walilalamikia hilo: ahadi za nyumba, ajira na misaada midogo midogo kuelekea uchaguzi. Binafsi naona hapo ndipo nchi ndogo inapojaribiwa. Kumnyima kura mtu usiyemjua ni rahisi. Kumnyima mtu utakayekutana naye sokoni Jumatatu, akuulize samaki bei gani, kunahitaji moyo, na wao wamefanya hivyo mara mbili.

Wanazungumza lugha gani kwenye kampeni?

Krioli, zaidi. Kiingereza na Kifaransa ni rasmi pia, lakini jukwaani ukitaka kuchekesha watu utasema Krioli. Hata asiyejua Kifaransa atatambua eleksyon na prezidan zikiandikwa.

Mbona husemi habari za uchaguzi wetu?

Wetu ulikuwa 29 Oktoba 2025, siku 3 baada ya Herminie kuapishwa. Ukurasa huu ni wa Shelisheli.

Uchaguzi wao mwingine lini?

Muhula ni miaka 5, kwa hiyo 2030. Herminie bado ana nafasi ya kugombea tena. Mzee mwenye deli la kahawa ameshaniwekea dau kwamba naye ataondoka kama wenzake. Mimi nimesema atabaki. Nikishindwa nawanywesha baraza zima kahawa na kashata, na mashahidi wako wanne, mmoja wao ameiandika tarehe ukutani kwa chaki, karibu na ile 97.